Mkwe Anayeendesha Upande wa Kulia

12 Januari
Mvua ya kwanza ya maana imenyesha Oshikango, na pamoja na mvua amekuja mkwe. Faustino, mume wa binti yangu Ndinelao, amevuka mpaka kutoka Ondjiva na mfuko mmoja wa nguo na leseni ya Angola iliyochakaa mpaka picha yake haijulikani ni yake au ya babu yake. Kampuni moja ya malori ya hapa Namibia imemwahidi kazi kuanzia tarehe mosi Aprili, kwa sharti alete cheti cha shule ya udereva kwamba anaweza kuendesha upande wa kushoto. Shule yenyewe ni yangu. Miaka ishirini na miwili nafundisha watu kuendesha, na leo nimeletewa huyu.

Akipata kazi, Ndinelao na mtoto watahamia huku, nusu saa kutoka kwangu. Asipopata, wote wanakwenda Luanda kwa kaka yake, na mjukuu nitamwona kwenye picha za simu. Kwa hiyo sina budi kumfundisha. Lakini cheti changu hakitolewi kwa machozi ya mtu, hata ya mwanangu.

13 Januari
Somo la kwanza. Alifungua mlango wa kushoto, akakaa, akaanza kuutafuta usukani. Nilimwacha autafute. Alipohamia upande wa kulia akawasha injini bila kulizunguka gari wala kuchungulia uvunguni.

"Umeangalia chini ya gari?"

"Kuna nini chini ya gari, Meme?" akauliza, akiniita mama kwa lugha yetu.

"Sijui. Ndiyo maana tunaangalia."

"Kwetu ukichungulia chini ya gari watu wanajua linavuja mafuta, hawapandi."

Watu wa Angola wamepewa mafuta na almasi. Akili ya barabarani walinyimwa.

14 Januari
Kila akitaka kuonyesha indiketa anawasha waipa. Mara saba. Afadhali mvua ilikuwa inanyesha, waipa zikapata kazi.

20 Januari
Leo nilimpeleka kwenye njia panda yenye alama nne za kusimama. Kwetu aliyefika kwanza hupita kwanza, na mtoto wa chekechea anaelewa. Tulifika kwanza. Faustino akasimama vizuri, kisha akaendelea kusimama. Magari mawili yalikuja upande wa kulia, yakapita, dereva mmoja akatutazama kama anatazama wagonjwa.

"Unangoja nini?"

"Anayetoka kulia ndiye mwenye haki, Meme."

"Hata akifika baada yako?"

"Hata akifika baada yangu. Ndiyo sheria yetu."

Nikamwambia hiyo si sheria, hiyo ni adabu ya msibani. Akacheka. Yule kijana anacheka ukimtukana, na hilo linaniudhi kuliko makosa yake. Tulipokuwa tunarudi, lori la polepole lilisogea pembeni litupishe, kama wanavyofanya watu waliolelewa. Nikamwambia awashe taa za dharura mara mbili kushukuru. Akawasha, lori likajibu kwa taa kubwa, naye akakanyaga breki akitaka kujua limepatwa na nini. Yaani kwao taa ni ya ajali tu, shukrani haina taa.

Mbuzi wangu wanavuka barabara hii kila siku bila leseni, na hawajawahi kunipa kazi kama hii.

29 Januari
Mvua. Waipa mara mbili tu.

9 Februari
Nimekwenda Ondjiva na Faustino kumwona mjukuu. Tulipanda gari la kukodi, na nilikaa nyuma nikishika kiti cha mbele njia nzima. Baada ya mpaka magari yanabadilishana pande, na ukishabadilishiwa upande ni kama umebadilishiwa dunia. Nimeona pikipiki imebeba kitanda, na juu ya kitanda mtu amelala. Nimeona ng'ombe wamekaa katikati ya lami na madereva wanawazunguka bila hata kupiga honi, kana kwamba ng'ombe ndio waliojenga barabara. Trafiki anapuliza filimbi, na kila dereva anaamini anapuliziwa mwingine.

Karibu na Namacunde lori lilikuwa limeharibika. Hakukuwa na pembetatu ya tahadhari. Dereva alikuwa amekata matawi ya miti akayapanga barabarani, moja moja, kama anayeandaa njia ya bibi harusi.

"Tazama," nikamwambia Faustino. "Nchi nzima haina pembetatu moja."

"Pembetatu ziko, Meme. Lakini tawi linaonekana mbali zaidi, na hakuna anayeliiba."

Tukafika. Ndinelao alinipokea na mtoto mgongoni. Akaniuliza mumewe anaendeleaje, nikasema bado. Mtoto anaitwa Celestino, ana meno manne na ananing'ang'ania sikio.

17 Februari
Leo Faustino hakukosea hata mara moja. Sikumwambia.

27 Februari
Nilimpa mtihani kamili. Alizunguka gari, akachungulia uvunguni, akaangalia vioo kwa mpangilio, akaegesha kinyumenyume katikati ya mapipa bila kuyagusa. Kwenye mlima wa majaribio gari lilirudi nyuma upana wa kidole. Kwetu kurudi nyuma ni kufeli. Nikaandika amefeli.

"Kidole kimoja, Meme?"

"Mtoto aliyesimama nyuma ya gari hahesabu vidole."

Jioni Ndinelao akapiga simu. "Meme, unamfundisha au unamtesa? Aprili ni mwezi mmoja tu."

"Mwambie mumeo ajifunze kukanyaga breki."

"Meme, mimi nakujua. Angekuwa Mnamibia, mtu wa Ondangwa, ungekuwa umeshasaini."

Nikamwambia mtandao unakatika.

5 Machi
Maji yamejaa kila bonde. Akina mama wanauza samaki kando ya lami, samaki waliokuwa hawapo wiki iliyopita. Celestino anabatizwa Jumapili Ondjiva. Tutakwenda na gari langu, na nitaendesha mimi. Siwezi kufika kwenye maji matakatifu ya mjukuu kwa udereva wa Faustino.

9 Machi
Ninaandika yote, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Tulipofika mpakani Faustino alisema kwa upole, "Meme, huku niachie mimi. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho."

"Mimi sifumbi jicho nikiwa barabarani."

Gari langu lina usukani kulia. Ukiendesha kulia kwa barabara na usukani ukiwa kulia, umekaa upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu mbele ila nyuma ya lori. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Basi ilinibidi mimi, mwalimu, kumtegemea Faustino. "Bado," anasema. "Bado. Kuna basi. Bado. Sasa." Kila aliposema sasa nilipita, na kila nilipopita nilikuta barabara ni nyeupe. Mara nne alisema kweli, na mara zote nne nilimkasirikia.

Namacunde tulisimama kununua samaki wa karamu. Mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu. Tulipotoka pale barabara ilikuwa tupu, hakuna gari mbele wala nyuma, na mimi nilikuwa katikati ya maneno. Nilikuwa namwambia kwamba watu wake wanapuuza sheria kwa sababu hawana aibu, kwamba adabu ya barabarani ndiyo inayoonyesha nchi ni nchi. Nilikuwa nafurahia maneno yangu mwenyewe. Mikono yangu ikafanya ilichokifanya miaka ishirini na miwili, ikaliweka gari kushoto.

"Meme, upande."

"Usinikatize."

"Meme, tuko kushoto."

"Kushoto ndiko kwenye akili," nikamwambia, na nikaendelea. Nikaendelea kilomita nzima, labda mbili. Alisema tena, safari hii kwa sauti kubwa, nami nikamwambia siku nitakayofundishwa kuendesha na mtu wa waipa nitarudisha gari dukani.

Kisha taa zikatokea kwenye mvua. Lori la saruji, mbele yetu kabisa, upande wake wa haki. Nilizitazama zile taa nikajiuliza yule mpumbavu anafanya nini upande wangu. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, Mungu ni shahidi. Faustino akanyoosha mkono, akaushika usukani, akauvutia kwake. Tukatoka lamini, tukashuka tuta, tukaingia majini.

Gari lililala upande wake. Maji yalimfika Faustino kifuani. Mlango wangu ulikuwa juu, nikautokea mimi kwanza nikikanyaga bega lake, naye akanifuata kwa mlango huo huo, paji la uso limepasuka, damu inachanganyika na mvua. Samaki wa ubatizo walikuwa wanaelea mle ndani. Dereva wa lori alikuwa amesimama mbali kidogo, akaja mbio na kamba, akatuita mama na kaka, akatufunika turubai lake. Wala hakutukana.

Trafiki walikuja na pikapu. Mmoja akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," akasema Faustino.

Na mimi nikaufunga.

Kwenye pikapu aliniinamia, akaninong'oneza: "Meme, wakikunyang'anya kibali cha kufundisha, cheti changu atasaini nani? Mimi watanitoza faini tu, kesho nimetoka." Alidhani amepiga hesabu vizuri. Walimtoza faini, na leseni wameizuia miezi sita.

10 Machi
Mtoto amebatizwa bila sisi.

12 Machi
Faustino amerudi kulala kwangu, nyuzi tano kwenye paji. Leo Ndinelao alimpigia, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni nilipokuwa nasonga ugali wa mtama.

"Ulitaka kumuua mama yangu. Alikuambia kila siku huwezi, ukajifanya unaweza. Upande wenu wenyewe wa barabara, Faustino. Mtu anakoseaje upande wa kwao?"

"Pole, mke wangu."

"Usinipe pole. Leseni huna, kazi huna, na mama yangu almanusura tumzike."

Yeye anajibu pole, pole, na mimi nakoroga. Ningeweza kutoka pale na kuichukua ile simu. Ni hatua sita. Ugali ukaungua.

13 Machi
Nimesaini cheti chake, amefaulu kwa alama zote. Alikipokea kwa mikono miwili akanishukuru. Cheti bila leseni hakina faida hata ya kufungia karanga, na wote wawili tunajua.

16 Machi
Wanafunzi watatu. Mmoja alianza kuondoka kabla ya kuangalia kioo, nikamfokea kama kawaida yangu, na nikajisikia nafoka. Sauti ile, sikujua ni mbaya kiasi hicho.

19 Machi
Nimekuwa nikijitetea humu kichwani. Kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kwamba barabara haikuwa na mstari. Kwamba nchi yenye akili ingeweka alama. Mwanafunzi akiniletea sababu hizo ninamwambia alete mzazi wake.

21 Machi
Kampuni ya malori imepiga simu. Leseni yake iwe mezani kabla ya tarehe 28, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Faustino alisema asante, akakata simu, akaenda kuniangalizia mbuzi waliokwama kwenye maji. Ndinelao ameanza kufunga vyombo kwa safari ya Luanda. Amenitumia picha ya Celestino ndani ya sanduku, amekaa juu ya nguo, anacheka.

Niliitazama picha ile asubuhi nzima. Nikasema nitakwenda kesho kwa trafiki wa Ondjiva.

22 Machi
Sikwenda. Mvua, niliandika kwenye kalenda, na mvua haikuwepo.

25 Machi
Nimekwenda. Nilimwambia Faustino tunakwenda kuuliza habari za gari, akanifuata. Tulivuka kwa miguu, tukapanda gari la kukodi, na kituoni Ondjiva nikaomba kuonana na mkuu wa trafiki. Anaitwa Sajenti Kalimbwe, Mkwanyama kama sisi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Nikamwambia: aliyeendesha siku ile ni mimi.

Alinitazama, akamtazama Faustino, akaegemea kiti.

"Mama, kila wiki mzazi mmoja anakuja hapa kumdanganyia mtoto wake. Wewe ni mama mkwe, una moyo mzuri. Nenda nyumbani."

"Sina moyo mzuri. Niliendesha mimi, upande usio wangu."

"Unafanya kazi gani?"

"Nafundisha udereva."

Wenzake wawili wakacheka. Yeye hakucheka, alisikitika. "Sasa mama, hata uongo uwe na miguu. Mwalimu wa udereva ataendesha upande wa kifo na mtu amekaa kando yake?"

Nilikaa pale nikibishana na polisi ili aniamini kuwa mimi ni mjinga, naye anakataa kwa heshima. Nimewafelisha watu maelfu na hakuna aliyewahi kupata shida hiyo. Mwishowe nikatoa daftari hili mkobani, nikalifungua tarehe 9 Machi, nikaliweka mezani.

Angeweza kusoma ukurasa mmoja tu. Lakini Sajenti Kalimbwe ni mtu wa taratibu. Alirudi mwanzo, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kwa sababu wenzake walitaka kujua kunani. Akasoma ya mafuta na almasi. Akasoma adabu ya msibani. Akasoma ya filimbi, na yule mpuliza filimbi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasoma kwamba mbuzi wangu ni afadhali kuliko mkwe wangu, na mkwe wangu yuko hatua mbili kutoka kwangu na kovu jipya. Nilitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vya bluu na nyeupe, kimoja kimevunjika pembe. Hakuna aibu iliyowahi kunikaa mwilini kama ile.

Alipofika tarehe 9 hata yule wa chai akaweka kikombe chini. Alipomaliza akalifunga daftari akamgeukia Faustino.

"Ulijua ameandika haya juu yako?"

"Mkuu, hajaandika kitu ambacho hajaniambia usoni."

Kicheko kilichotoka pale kilinichoma kuliko kusomwa. Kisha Sajenti akaniuliza, bila dharau, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba: "Mama, alipokuambia uko upande usio wako, hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Mara ya kwanza?"

"Mara zote tatu."

Wakatoa nakala ya ukurasa ule, wakaigonga mhuri. Faustino alitozwa kidogo kwa kusema uongo. Mimi nimetozwa faini kubwa, nimepigwa marufuku kuendesha Angola mwaka mzima, na barua inakwenda kwa wenye mamlaka huku kwetu. Leseni wakamrudishia palepale, kwa mkono.

Nje nilimwambia, "Nisamehe."

"Tumechelewa gari, Meme," akasema, akanishika kiwiko kunivusha barabara. Nilianza kuangalia upande wangu wa kawaida. Yeye akanigeuza kichwa taratibu kwa kidole.

27 Machi
Faustino amepeleka cheti na leseni kwenye kampuni. Wamempokea. Jioni nikampigia Ndinelao nikamweleza mwenyewe, tangu Namacunde mpaka kwenye simu aliyompigia mumewe na mimi nikiwa jikoni. Nikamsikia Celestino anagonga kitu.

"Siku ile namtukana, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akakata. Safari hii mtandao haukuwa na kosa.

1 Aprili
Ameanza kazi.

4 Aprili
Barua imefika. Kibali changu cha kufundisha kimesimamishwa miaka miwili. Nimekishusha kibao cha shule mwenyewe, kwa ngazi. Wanafunzi nimewapeleka kwa mwalimu mmoja wa Omafo, ambaye siku zote nimesema hajui kufundisha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Sijui niwachukie wangapi tena, nguvu zinaniishia.

13 Aprili
Wamehamia. Wamepanga nyumba upande wa pili wa mji, karibu kuliko nilivyotarajia. Faustino ndiye aliyeniambia. Ndinelao hajapiga simu.

20 Aprili
Mvua ya mwisho mwisho, nyembamba. Saa nne asubuhi gari lilisimama nje ya uzio, na Faustino akaingia akiwa amembeba Celestino chini ya koti. Mtoto alinitambua, akalifuata sikio langu. Ana meno sita. Nikamkaribisha Faustino oshikundu, kinywaji chetu cha mtama, akanywa akiwa amesimama, macho yake yanarudi getini.

"Umekuja peke yako?"

"Hapana, Meme."

Nikachungulia. Ndinelao alikuwa amebaki garini, upande wa abiria, anatazama mbele kama mtu anayesubiri taa zibadilike.

"Alisema mtoto ana haki ya kumwona bibi yake," akasema Faustino. "Kuhusu yeye mwenyewe hakusema kitu. Mimi sijamlazimisha."

Nilimrudishia mtoto. Nilitoka bila mwavuli, maana kuutafuta kungenipa muda wa kubadili mawazo. Nilivuka uwanja, matope yakanivua kiatu kimoja nikakiacha. Nilifika kwenye kioo chake nikasimama. Hakunitazama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Machi, mazuri, yenye sababu na mpangilio, na hakuna hata moja lililobaki. Kwa hiyo nilisimama tu mvua ikininyeshea, na sikugonga kioo, na sikusema fungua. Sijui ni dakika ngapi. Nywele zililowa, nguo ikalowa, Faustino akaita mara moja kutoka mlangoni kisha akaacha.

Ndipo kioo kikashuka, kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti.

"Sema, Meme," akasema mwanangu. "Leo mimi ndiye ninayesikiliza."